Korosho Hutangulia Bibo

Newala, mwisho wa Agosti. Mikorosho imechanua,
ukungu umepanda kutoka bondeni mpaka dirishani.
Ausi amelala, vidole vyake vinanuka salfa.
Mimi sijui lolote, nasahihisha madaftari ya kidato cha nne,
na humo ndani, kwenye mrija mwembamba kama uzi,
yai limefunga mlango nyuma ya mgeni mmoja.
Waliobaki nje hawana pa kurudi.

Siku nzima na robo unakaa mmoja.
Kisha wawili. Wanne. Saba, nane,
maana hamgawanyiki kwa amri kama askari wa gwaride.
Hukui. Hilo wanafunzi hawaliamini:
mkate uleule, vipande vingi zaidi.

Kitabu kinasema siku ya nne unafanana na forosadi.
Forosadi sijawahi kuiona.
Darasani nasema topetope,
lile la nyuma ya maabara, vinundu vitupu,
na safu ya mbele wanameza mate.

Ya tano, una chumba cha maji ndani yako.
Ya sita, unapasua gamba, unatafuta pa kushika.

Hapo ndipo ninapokuogopea.
Aliyekutangulia alishika, akaachia.
Ulikuwa msimu wa mbaazi. Muuguzi Nankondo akaniambia
si kosa lako, mwalimu,
nami niliyewaeleza wengine maneno hayohayo, kwa mchoro na rula,
niliikana biolojia yangu yote pale kitandani.

Shika, basi. Ukuta ni laini.
Chimba. Usipige hodi.

Wiki ya tatu unajipanga tando tatu.
Nina beti la hilo, nililiandika ubaoni chaki ikiniishia:

    Utando wa nje ni ngozi, ubongo na zake nyuzi,
    Wa kati mifupa, moyo, na damu itembeayo,
    Wa ndani ndio utumbo, ini, mapafu na tumbo.

"Madamu, mstari wa nne?" aliuliza Likungwa.
Hakuna wa nne, nikamwambia.
Vyote ulivyo navyo, hata hilo swali, vimetoka humo.

Siku ya ishirini na mbili kitu kinatikisika.
Hakijawa moyo, ni bomba lililoanza kupinda,
ila limeanza, na hakuna aliyeliwasha.
Nilikuwa kwenye foleni ya maji, ndoo ya tatu kutoka bombani.
Pikipiki ikapita, harufu ya petroli ikanipanda kooni,
nikahesabu kwa vidole, nikarudia.

Kliniki wakaandika wiki ya tano.
Wamekuongezea siku kumi na nne ambazo hukuwapo.
Sikubishana. Nilipokea vidonge, nikameza cha kwanza palepale mlangoni,
kwa sababu mgongo wako ulikuwa unajifunga
kutoka katikati kwenda kichwani, kutoka katikati kwenda mkiani.
Ndiyo, una mkia. Hatutamwambia mtu.

Leo ni siku ya arobaini. Viganja vyako ni vikasia,
vidole vimeshikana.
Ili viachane, seli za katikati zitakufa,
zitakufa kwa mpango, bila msiba.
Nimelifundisha miaka tisa jambo hili.
Leo nimelisoma tena, nimekaa chini.

Ausi ameingia na kitawi cha mti uliochelewa kuchanua.
Anataka nione madoa ya ubwiri.
Analaani dawa, analaani wanunuzi ambao hata hawajafika mnadani.
Mimi naona korosho moja, mbichi, ya kijani,
imejikunja, kichwa kimeinamia kifua,
na juu yake bibo dogo kama fundo la uzi.

"Unaangalia nini?"

"Hii," nasema. "Imetangulia.
Bibo lake litavimba baadaye."

Anaitazama korosho. Ananitazama mimi,
tumbo langu bapa chini ya khanga.
Anakiweka kitawi mezani polepole,
kwa mikono miwili.